Uliza Mukubwa: Pesa ni moja, proje ni tatu

SWALI: Jambo Mukubwa. Siye tuko bamama 30 ku Katuba, tulianza na likelemba ya kawaida (kila mtu anachanga, mmoja anabeba kwa zamu) lakini tukapatana kila zamu tunaacha kidogo mu sanduku, sasa sanduku iko na dola 6,000 na kelele imeanza. Kuko wenye wanataka mashine ya kusagia mahindi, kuko wenye wanataka friza mbili za samaki, wengine wanasema tufuge kuku wa nyama. Mtoto wa dada yangu anasoma ku univ, akatuletea karatasi eti tutumie lojiki fazi kupima kila proje mbele ya kutoa pesa. Karatasi yote ni 0.6, 0.8, 0.35, hatukuelewa kitu, bamama wakacheka. Hii kitu ni ya kweli ao ni ya kupotezea watu wakati? (Mama Trezorie, Katuba)

JIBU: Mama Trezorie, jambo yenu bamama wote. Ni kitu ya kweli, na huyo mtoto musimucheke, shida yake ni moja tu, alianzia ku mwisho. Aliwapa namba wakati hajawauliza maneno, na lojiki fazi inaanzia ku maneno.

Mukiwa mu mukutano mama mmoja anasema mashine ni bei kali, mwingine anasema hapana si kali vile, wa tatu anasema inatufaa tu. Hesabu ya kawaida haina nafasi ya hiyo mazungumzo, yenyewe inataka ndiyo ao hapana, pesa inatosha ao haitoshi, proje ya dola 5,990 inapita na ya 6,010 inaanguka, ni kama vile dola 20 ndiyo inatenganisha akili na wazimu. Lojiki fazi inakubali kitu kiwe kweli kidogo, kweli nusu, kweli kabisa, na inapima huo ukweli toka 0 mpaka 1. Basi, siri imeisha hapo. Kazi yenye inabaki, na ni kazi kweli, ni kupatana mstari unapita wapi.

Tuanze na bei. Mukae, mbele mtu yeyote hajaleta proforma (karatasi ya bei) yake, mupatane kwamba proje ya dola 3,000 ao chini inawatosha kabisa, hiyo ni 1, na proje yenye kumeza 6,000 yote haiwatoshi hata kidogo, hiyo ni 0, sababu sanduku itabaki tupu na mama mmoja akifiwa kesho mutamuangalia na macho tu. Katikati ya 3,000 na 6,000 munavuta mstari unyoofu. Dola 4,500 iko kati kabisa, inapata 0.5. Dola 5,400 inapata 0.2. Hapo hamuna haja ya prof, mtoto wa darasa la sita anaweza kuhesabu. Mufanye vile vile ku muda wa pesa kurudi: miezi 6 ao chini ni 1, miezi 18 ao zaidi ni 0, kwa hiyo miezi 12 ni 0.5 na miezi 9 ni 0.75. Kama nyinyi munaona miezi 18 ni mufupi, musogeze, mstari ni wenu.

Ku umeme ndiyo ningependa mukawie. Swali si "umeme unakatika?", mtu wa Lubumbashi hauliziwi hiyo. Swali ni ukikatika, proje inapoteza nini. Mashine ya kusaga inasimama, mteja anabeba ndoo yake ya mahindi anaenda kwa jirani mwenye moteri ya mazutu, munapoteza faida ya siku lakini hakuna kitu kinaoza. Vifaranga wiki ya kwanza wanataka joto ya digrii 32 ao 33 hivi, lakini mbabula na makala inafanya hiyo kazi (muache hewa ipite tafazali, hewa ya makala mu nyumba yenye kufungwa inaua kuku na inaua mtu pia). Friza sasa. Friza kubwa yenye kujaa, bila kufunguliwa, inashika baridi ya kuganda karibu saa 48, ikiwa nusu ni karibu saa 24, mtu akisikia hivo anasema aah delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ya usiku haitutishi. Lakini hiyo ni friza yenye kufungwa! Friza ya biashara inafunguliwa mchana kutwa, huyu anataka kilo moja, huyu anataka kuchagua, huyu anataka kuangalia tu, na samaki ikianza kulainika hata bei ya kutupa haupati. Kwa hiyo mimi friza bila jenereta naipa 0.1 ku kuvumilia kukatika, na kuku 0.7, mashine 0.6.

Bado soko na bado nani atasimamia. Nimeweka namba za mfano, nyinyi mutaweka zenu.

Mashine: bei dola 5,400 inapata 0.2, pesa inarudi miezi 9 ni 0.75, umeme 0.6, soko 0.9, usimamizi 0.7.

Friza mbili: bei 3,600 inapata 0.8, miezi 8 ni 0.83, umeme 0.1, soko 0.9, usimamizi 0.8.

Kuku: bei 4,200 inapata 0.6, miezi 12 ni 0.5, umeme 0.7, soko 0.6, usimamizi 0.5.

Sasa huyo mtoto wa dada yako, naweza kubetia, alijumlisha akagawanya na tano. Mukifanya vile friza inatoka ya kwanza na 0.69, mashine 0.63, kuku ya mwisho na 0.58. Kila mtu anapiga makofi, munanunua friza, na siku umeme unaenda siku mbili samaki yote inaingia mu takataka. Wastani ilificha 0.1 ya umeme chini ya zile 0.8 na 0.9 nzuri nzuri. Bukari yenye mchanga, uongeze unga namna gani, jino litaukuta tu.

Kuko njia ingine, Richard Bellman na Lotfi Zadeh (huyu Zadeh ndiye baba wa lojiki fazi) waliiandika mwaka 1970: uamuzi mzuri ni pale malengo yote na vizuizi vyote vinakubaliana pamoja, na kupima hiyo kukubaliana munashika namba ya chini kuliko zote za proje. Mashine inabaki na 0.2, friza 0.1, kuku 0.5. Umeona? Foleni imepinduka yote, kuku yenye ilikuwa ya mwisho sasa ni ya kwanza na friza imeenda chini kabisa, na hakuna mtu alibadilisha hata alama moja. Ndiyo maana nasema kwa pesa ya bamama, pesa yenye haina ingine nyuma yake, muanze na namba ya chini. Wastani ni ya mtu mwenye proje kumi, moja ikifa zingine zinamubeba.

Na kitu chenye mimi napenda zaidi ku hiyo njia, ile namba ya chini inawaonyesha pa kutengeneza. Friza inakufa juu ya umeme tu. Haya, muongeze jenereta ndogo, tuseme dola 900: bei inapanda 4,500, alama yake inashuka mpaka 0.5, umeme unapanda na wenyewe mpaka 0.5 (si zaidi, petroli inakula na jenereta inaharibika), pesa inarudi miezi 11, ni 0.58. Namba ya chini sasa ni 0.5, sawa sawa na kuku. Friza imefufuka ku karatasi, hamujatoa hata franka moja. Mashine nayo, kama mutapata ya okazyo yenye kuaminika bei itashuka, mujaribu hesabu.

Hapo friza na kuku ziko 0.5 kwa 0.5 na nakuomba Mama, musianze kuchimba namba za nyuma ya nukta kutafuta mshindi. Mistari yenyewe muliivuta na mkono. Muulizane tu kipi ni cha lazima kuliko vingine. Mukisema soko, basi Zadeh alikuwa na hila yake: "nzuri" ikikuwa "nzuri sana" unazidisha alama na yenyewe. Soko ya friza 0.9 inakuwa 0.81, haiumii. Soko ya kuku 0.6 inakuwa 0.36 na kuku inashuka chini ya friza. Mukisema hapana, kwetu cha lazima ni umeme, 0.5 ya friza inakuwa 0.25 na kuku inabaki juu. Kwa hiyo bamama, hesabu haikuwachagulia, imewaleta ku swali moja tu yenye mulipashwa kugombania toka mwanzo, na hiyo mupigie kura.


SWALI: Mukubwa mimi niko etidia wa ekonomi. Prof wetu anasema hii fazi ni probabilite yenye kuvaa nguo ingine. Namba toka 0 mpaka 1, si ni kitu kimoja? (Mudogo, Kampemba)

JIBU: Mudogo wangu, hiyo vita ni ya zamani kuliko weye, ilianza mara tu Zadeh (mtu wa kuzaliwa Baku, alikuwa anafundisha ku Berkeley kule Marekani) alitoa makala yake ya 1965 juu ya fazi, na kuko wataalamu wa probabilite wenye hawakumusamehe mpaka leo. Mimi nakupa mfano wa Kasumbalesa, kule ku mpaka wa Zambia. Nikisema kuko 0.5 ya bahati kwamba lori yangu itavuka mpaka wiki hii, tungoje siku ya mungu, itakuwa imevuka ao haikuvuka, na ile 0.5 inakufa. Sasa lori imevuka, iko mu kiwanja, inashusha mizigo, na mimi nasema imefika mapema kwa 0.5. Hakuna kitu cha kungojea tena, saa ya kufika inajulikana mpaka dakika, lakini "mapema" yenyewe ni nusu. Ya kwanza ni kutojua, ya pili ni neno lisilo na ukingo.

Mu proje ziko zote mbili na usizichanganye mu kolone moja. "Bei ya mahindi itapanda?" ni bahati. "Faida ni nzuri?" ni kiwango. Ukimuuliza prof kwa heshima atakubali, na asipokubali bado utafanya ekzame yake, kwa hiyo usigombane sana.


SWALI: Mukubwa, niko mu komite ya shirika moja ndogo ya huku, tunapokea proje za vikundi na tunachagua za kupatia pesa. Tulijaribu hizo alama za fazi. Matokeo: kila memba anapiga 0.9 ku proje ya mtaa wake na 0.1 ku ya wengine, na sababu tunashika namba ya chini basi kila proje inakufa. Tuache? (Wa komite, Likasi)

JIBU: Musiache, mubadilishe kile munauliza watu. Kosa ni kumuuliza mtu alama. Mtu usimuulize "umbali ni mubaya kiasi gani toka 0 mpaka 1", umuulize kilometre ngapi. Usimuulize kama kikundi kina uzoefu, umuulize wamefanya hiyo kazi miaka mingapi na ulete daftari tuone. Kilometre, miezi, dola, idadi ya wanachama wenye wanalipa kweli, hizo mtu akidanganya munaweza kumushika, lakini mwenye amesema 0.9 utamushika na nini? Alama itoke ku mstari, na mstari muuvute mwanzo wa mwaka, siku hakuna proje hata moja ku meza na hakuna mtu anajua ni nani mstari utamubeba ao utamuangusha, muusaini, muufunge mu bahasha.

Vitu vyenye havina kipimo vitabaki, kama uaminifu wa wakubwa wa kikundi. Hapo kila memba aandike pembeni bila kuangalia wa jirani, mupange alama toka ya chini mpaka ya juu na mushike ile ya katikati. Mwenye alipiga 0.1 ya chuki na mwenye alipiga 0.9 ya ndugu wote wanabaki ku kando. Halafu ile ya katikati ndiyo inaingia mu mashindano ya namba ya chini. Na kama memba ana mke wake mu kikundi atoke mu salle, hiyo si fazi hiyo ni adabu.

Kitu kimoja tena, kuko mambo yenye hayana nusu. Kikundi hakina karatasi ya kiwanja na mutajenga juu ya hicho kiwanja, usimupe 0.3 eti kwa sababu chifu alimuahidi na mdomo. Hiyo ni hapana, mbele ya hesabu yoyote. Nimeona watu wanatumia lojiki fazi kupitisha vitu vyenye sheria inakataza, eti "ni kweli kidogo".


SWALI: Mimi ni mzee, nilifanya kazi ku tanuru ya shaba mpaka pansio. Tulikuwa tunaangalia rangi ya moto, tunasikia sauti, tunajua. Leo vijana wanaleta namba za kila kitu. Proje mtu anaijua na uzoefu, si na kompyuta. (Muzee wa Ruashi)

JIBU: Shikamoo Muzee. Nakuambia kitu chenye kitakufurahisha: hii lojiki ilipata kazi yake ya kwanza ya kweli kwa sababu ya watu kama weye. Ebrahim Mamdani, mzaliwa wa Tanzania, alikuwa anafundisha London ku Queen Mary College, na mu miaka ya 1970 yeye na mwanafunzi wake Assilian walikuwa na injini ndogo ya mvuke ya kufanyia majaribio. Badala ya kuandika hesabu ngumu za kuiongoza, waliandika kanuni kama vile fundi anaongea: presha ikiwa chini sana na inashuka, ongeza moto mwingi, presha ikiwa karibu sawa, ongeza kidogo tu. "Chini sana", "karibu", "kidogo", maneno ya tanuru yenu. Ikafanya kazi. Nyuma yake Wadanimark wakachukua kanuni za mafundi wa matanuru ya simenti wakaziingiza mu mashine namna ile ile, na mwaka 1987 treni ya chini ya ardhi ya Sendai, Japani, ikaanza kusimama na kuondoka yenyewe na kanuni kama hizo, polepole bila kurusha watu.

Kwa hiyo Muzee, vijana wakikuita ku mukutano wa proje uende, usiwapatie alama. Uwapatie kanuni: "kama kiwanja iko mbali na maji na mwenye kusimamia hana pikipiki, proje itaanguka hata kama soko ni nzuri." Waandike kila moja, kanuni kumi ao kumi na mbili zinatosha. Kwa kila proje wanaangalia "mbali" ni kweli kiasi gani, na kwa pikipiki hakuna nusu, anayo ao hana, wanashika ndogo ya zote mbili, na hiyo ndiyo nguvu ya kanuni. Kiwanja ikiwa mbali kwa 0.7 na hana pikipiki, kwa 1, kanuni yako inapiga na nguvu ya 0.7. Kanuni zingine nazo zinapiga, halafu munapima upande gani umevuta zaidi, wa kuanguka ao wa kusimama. Kompyuta inahesabu tu, mwenye kujua ni weye.


SWALI: Kuko aplikasyo ya kulipa ya hii kitu? Mwenye kuuza ananiomba dola 150. (Kijana wa komine Kenya, Lubumbashi)

JIBU: Linda pesa yako. Excel yenye iko mu telefone inatosha kwa proje tano ao kumi. Muda wa pesa kurudi uandike mu B2, na mu kisanduku cha pembeni uweke =MAX(0;MIN(1;(18-B2)/12)), hiyo ndiyo mstari wa miezi 6 mpaka 18 wenye nilimupatia Mama Trezorie pale juu. Kwa bei ni =MAX(0;MIN(1;(6000-C2)/3000)). Mwisho wa mstari uweke MIN ya alama zote, na pembeni yake MOYENNE ya alama zile zile, uone zote mbili kwa macho, maana proje yenye MIN na MOYENNE zinapishana mbali ndiyo ya kuuliza maswali. Kama Excel yako ni ya Kiingereza, MOYENNE inakuwa AVERAGE na nukta-mkato inakuwa mkato. Usisahau kubadilisha 18 na 6000 uweke zako, na 12 na 3000 nazo, maana hizo ni tofauti ya ncha mbili za mstari (18 kutoa 6, 6000 kutoa 3000), kuko mtu atakopi hivi hivi halafu aniandikie eti haitembei.